Mlango Uliotangulia Nyumba

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mlango, nyumba ilikuwa bado njiani.

Hapo zamani za kale, siku ya Alhamisi, mwezi wa Mfungo Mosi, saa kumi alasiri, fundi Vuai alifika kazini, maana asubuhi ilimpita akiwa njiani. Akakuta mlango umesimama peke yake uwanjani. Toka saa ile mambo yakabadilika. Lakini kabla ya saa ile yalikuwa hivi.

Kijiji kilikuwa na jina, likasahaulika. Aliishi humo bibi kizee, Bi Mize, mjane, mtu wa swala tano na maneno machache. Masika yakaiangusha nyumba yake, likabaki rundo la udongo na mlango wa mninga aliouchonga marehemu mumewe. Bi Mize akahamia jikoni kwa jirani. Akamwita Vuai, fundi wa kijiji, akamwambia:

"Mwanangu, nyumba ya kuishi sina haja nayo sana. Nataka mlango wangu wa kutolewa. Siku yangu ikifika, sipendi jeneza litoke jikoni kwa watu, baina ya vyungu."

Vuai akainamisha kichwa. Maneno yalimwingia. Akasema kesho, inshallah, na alipokuwa akisema alikusudia kweli.

Kesho ikaja. Desturi ya pale ni kwamba mwenye nyumba huwalisha mafundi mpaka nyumba iishe. Basi Vuai na wenzake wakala muhogo wa nazi wa Bi Mize, wakautazama udongo. Udongo ulikuwa maji mno. Wakangoja. Ukawa mkavu mno. Wakangoja. Siku moja haukuwa maji wala haukuwa mkavu. Vuai akatikisa kichwa, akasema udongo wa namna hiyo ndio hatari, haujulikani una nia gani.

Wakafunga kamba ya kupimia. Kunguru akatua juu yake. Kumfukuza mgeni si adabu, wakangoja aage. Kunguru hakuaga.

Kisha bibi yake Vuai akafariki. Bi Mize akampa pole, akapika wali wa hitima. Mwezi uliofuata bibi akafariki tena. Bi Mize akampa pole tena, akapika tena. Alipofariki safari ya tatu, bibi mwenyewe aliisikia harufu ya wali, akaja na kibakuli. Akakaa mkekani, akalia na wenziwe, akala, ndipo akauliza nani aliyekufa. Wakamwambia ni yeye.

"Sote ni wa Mungu," akasema bibi. Akajipangusa machozi, akaomba mchuzi kidogo.

Na kila mtu alipomwuliza Vuai habari za nyumba, alijibu taratibu, kama mtu aliyechoshwa na kazi. Kuta zimeshasimama, alisema. Bado kukauka tu.

Bi Mize hakumgombeza. Alizidi kukonda tu. Kila baada ya swala alikitazama kile kiwanja, na Vuai alimwona akikitazama, na muhogo ukamkwama kooni. Ulikwama, kisha ukashuka.

Ndipo ikaja Alhamisi ile. Kwa msaada wa majirani, Bi Mize alikuwa amesimamisha mlango, na miimo yake na kizingiti chake, pale palipotakiwa kuwa mbele ya nyumba. Nyuma ya mlango ametandika mkeka, amekoka moto, chungu kinachemka. Tokoto, tokoto, tokoto. Kushoto hakuna kitu. Kulia hakuna kitu. Juu ni mbingu ya Mwenyezi Mungu.

Vuai akaanza kuuzunguka mlango, akiifuata harufu.

"Fundi," akasema Bi Mize bila kuinua macho, "unapita ukutani?"

"Ukuta upi, Bi Mize?"

"Huo uliowaambia watu umesimama. Bado haujakauka, utauharibu."

Wenzake wakatazama pembeni, mabega yanawatikisika. Vuai akabaki na mguu mmoja hewani. Akisema ukuta haupo, amejiita mwongo mbele ya kijiji kizima. Akisema upo, hana pa kupita. Akaurudisha mguu polepole. Akaenda mlangoni, akabisha. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi."

Kimya. Tokoto, tokoto.

"Hodi." Kimya. "Hodi."

Na mtu akibisha hodi tatu asiitikiwe, huondoka. Vuai akageuka aende zake, na njaa yake. Ndipo Bi Mize akasema kwa upole kwamba yeye ni mjane, yuko peke yake ndani, wanaume hawezi kuwakaribisha chumbani. Wageni wake hukaa barazani.

"Baraza haipo, Bi Mize."

"Basi ijengeni. Chakula kinapoa."

Wakaukanyaga udongo. Chabwi, chabwi, chabwi. Wakakandika. Tapa, tapa, tapa. Siku ile udongo haukuwa na kasoro yoyote. Magharibi haijaingia, baraza ikawa tayari. Wakakaa, wakajinyoosha, wakataka kuegemea ukuta. Wakaanguka chali, wote kwa pamoja. Hawakulalamika, wangelalamikia nini, na ukuta upo? Kesho yake wakaujenga kimyakimya. Chabwi, chabwi. Tapa, tapa. Ukuta ukaziba njia ya chakula, wakaacha dirisha. Manyunyu yakaingia kwenye mchuzi, wakazungusha na kuta zilizobaki, wakaezeka makuti. Vuli haijaanza, nyumba ikawa imekamilika, na hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kuingia ndani. Upande wa ndani Bi Mize alikandika mwenyewe, kwa viganja vyake. Kunguru naye akaenda zake. Hakuna aliyemsikia akiaga.

Vuai akaja mlangoni, akabisha hodi.

"Karibu, mwanangu."

Akaingia kwa adabu, kama mgeni. Akaona kitanda, mkeka wa kuswalia, na sanda iliyokunjwa vizuri.

"Sasa hiyo kesho yako na ije," akasema Bi Mize. "Itanikuta kwangu."

Haikukawia. Bi Mize akafariki Ijumaa, baada ya alfajiri. Vuai akashika jeneza upande wa mbele. Walipofika kizingitini, miguu yake ikasimama yenyewe. Ilikuwa imeshazoea.

"Hodi," akasema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyeitikia, maana mwenye kuitikia walikuwa wamembeba. Watu wakasimama, jeneza mabegani. Hakuna aliyecheka. Kisha kutoka barazani bibi yake Vuai, aliyekwisha kufa mara tatu na mwenye kuyajua mambo hayo, akasema:

"Mpitisheni. Mlango ni wake."

Wakapita.

Ewe unayesikiliza, usimwambie mwenzio kesho kana kwamba kesho yake umeiweka mfukoni mwako. Na ukisema ukuta umesimama, basi mtu aweze kuuegemea.

Hadithi yangu imefika kizingitini, imeishia hapo.

Mola amrehemu Bi Mize. Amrehemu na yule aliyeuchonga mlango. Na wetu waliotutoka, wale ambao hadi leo tukirudi nyumbani tunawabishia hodi, Mola awafungulie mlango Wake, wala asiwasimamishe nje. Amina.