Fisi Aliyewahi Kuposti Msiba

Hadithi, jamani.
— Ilete, tumejikunyata.
Nyuma yenu kuna nani?
— Hatugeuki kutazama.
Basi sogeeni.

Zamani, ila si zamani sana, wanyama wote walikuwa na simu, na msitu mzima ulikuwa kundi moja. Hakuna aliyelipenda kundi hilo kama Fisi. Swala alipata mimba. Kabla hajamwambia mumewe, ti, Fisi kaposti. Kongoni alichumbiwa, kabla hajawaambia wazazi, ti, Fisi kaposti. Kisha alilala chali akisikiliza hongera na poleni zikiingia, ti, ti, ti, akashiba kama aliyekula. Msiba ndio alioupenda zaidi, kwa kuwa aliyeutangaza alipewa mkeka wa mbele na nyama ya kwanza.

Siku moja mama yake Pimbi akafariki. Pimbi alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeishi majabali ya mbali. Akafunga safari akamwambie kwa mdomo, huku amemshika mkono. Alipofika alimkuta ameketi, simu mapajani, macho makavu. Fisi alishaposti: picha ya mama yao, mdomo wazi, hata kufunikwa bado. Tangu hapo mdogo mtu hakusema neno tena.

Pimbi hakugombana na mtu. Alirudi taratibu mpaka kichakani alimolala Fisi usingizi wa mchana, akamfunika majani mwili mzima, akaacha mguu mmoja tu wa nyuma, ule uliokatwa kidole na mtego. Kacha, akapiga picha. Akayaondoa majani, akaenda zake.

Jioni wakakutana mtoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona mnyonge hivyo?"

"Kuna mwenzetu ametutoka. Picha yake ninayo, lakini nakuomba usiiweke kundini. Mkewe hajaambiwa."

"Nitumie niione tu."

"Mjomba, huulizi ni nani?"

"Nitumie kwanza."

Fisi akaitazama. Majani, na mguu. Vinyweleo vya mgongo vikamsimama. Mguu ule alishauona mahali, hakujua wapi. Lakini juu ya mti alimwona Kunguru naye ameinamia simu, akaogopa kutanguliwa. Akaandika: "Mwenzetu hatunaye. Amelala salama." Ti.

Msitu mzima ukaifungua picha.

Ti. "Pumzika, Fisi."

Ti. "Pumzika, Fisi."

Ti, ti, ti, ti. Wote waliujua mguu ule, wakadhani aliyeandika ni ndugu aliyebaki na simu ya marehemu.

Fisi akaandika: "Mimi mzima."

Kobe, msimamizi wa kundi, akajibu: "Simu ya marehemu isichezewe." Akamtoa.

Fisi akakimbia nyumbani, ndu ndu ndu. Akakuta watu wako mikekani, sufuria zinatokota.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyeinua uso. Nyani alisogea kidogo tu, kama aliyepitiwa na ubaridi. Bakuli la nyama likapita mbele ya Fisi, likaenda kwa jirani. Akamwinamia mkewe.

"Mke wangu, niangalie."

Mkewe akavuta kanga mpaka usoni. "Mnasikia?" akawanong'oneza wenzake. "Sauti yake bado imo humu ndani."

Ni Pimbi peke yake aliyekuwa akimtazama.

"Pimbi, wewe unajua," Fisi akasema. "Waambie."

"Nitawaambia, mjomba," akajibu Pimbi kwa upole. "Ngoja kwanza ndugu wa mbali wapate habari."

Fisi akatoka nje, akangoja. Ndugu wa mbali hawaishi. Mpaka leo yuko pembeni mwa vijiji vyetu, anasema huuu-up, huuu-up, yaani yu hai. Nasi tukimsikia tunafunga madirisha.

Mafunzo yake ni haya: ukipata habari ya msiba, itume upesi, usipoteze muda kuuliza ni wa nani. Ukizubaa, wafiwa watakutangulia.

Hadithi yangu nimeiweka chini. Asiyeogopa na aiokote.