Jiwe Langu, Maneno Yako

Hadithi inabisha hodi!
— Ifungulieni mlango!
Imebeba nini mgongoni?
— Utamu na uongo!
Tugawane vipi?
— Utamu wetu, uongo wako!

Haya, mmesema wenyewe. Basi kaeni vizuri, na wewe Bi Siwatu weka chini hiyo mihogo, kisu chako kina kelele. Hii siyo hadithi ya kuambiwa. Hii niliiona mimi, Mwinchande, kwa macho haya mawili mnayoyaona. Nilikuwa juu ya mkuyu nimefuata asali, na bonde zima liko chini yangu kama sinia.

"Na nyuki wakakuacha tu?" Bi Siwatu akaniuliza.

"Nyuki nao walikuwa wanatazama, mama. Jambo lenyewe lilikuwa kubwa."

Katikati ya bonde lile palikuwa na jiwe, kubwa kama mlima uliokaa kitako. Ndani ya jiwe, pango. Nyuma ya pango, chini kwa chini, tundu. Sasa sikilizeni maajabu. Ukiingia pangoni ukasema neno, neno lile halitoki palepale. Linazunguka kwanza humo ndani, ngu-ngu-ngu, linanenepa, ngu-ngu-nguuu, halafu linatokea kwenye tundu likiwa kubwa kuliko aliyelisema.

Wa kwanza kuingia alikuwa Chura. Alikimbia mvua tu, masikini, akasema kwa adabu, "Jamani, hamjambo?"

HAMJAMBOOO!

Loo! Nywele zilinisimama. Majani ya mkuyu yaligeuka upande wa pili. Twiga, kule mbali hata simwoni vizuri, akainamisha ile shingo yake yote akaitikia, "Sijambo, bwana mkubwa! Nani mwenzangu?" Chura akakaa chini akalia. Tangu azaliwe alikuwa akimsalimia Twiga kila siku, na Twiga hajawahi kumsikia.

Basi kila mdogo akawa anaingia pangoni. Kunguni anasema, bonde linamsikia. Kinyonga anasema, bonde linamsubiri amalize. Ilikuwa raha, ndugu zangu. Nilitamani na mimi nishuke niseme langu, lakini asali ilikuwa mkononi.

Ndipo akaja Tembo. Gudum, gudum, gudum. Akaliegemea jiwe, akajikuna, akasema, "Jiwe hili langu."

"Tangu lini?" wakamuuliza.

"Tangu nilipoliegemea."

Nani ambishie? Akaingia pangoni akakaa nyuma kabisa, na mlangoni akamweka Kasuku. Kutaka kusema ni mkungu wa ndizi. Na kabla hujaingia Kasuku anakusomea masharti, mbio mbio, bila kupumua:

"Aingiaye kaingia mwenyewe asemaye kasema mwenyewe jiwe ni la Tembo maneno si ya Tembo ukipendwa ni jiwe ukichukiwa ni wewe na—"

"Nimekubali!" mtu anamkata, anapita.

Hakuna aliyewahi kusubiri mwisho. Hata mimi kule juu ya mti nilisema nimekubali, na wala sikuulizwa.

Sasa Tembo akagundua siri. Akikaa, makalio yake yanaziba tundu, pwaa! Neno linafia ndani. Akinyanyuka, tundu li wazi, ngu-ngu-nguuu, bonde zima linasikia. Akagundua na siri ya pili, tena hii ndiyo iliyomnenepesha. Chura akisema hamjambo, watu wanaitikia, wanaendelea na kazi zao. Mkungu mmoja, basi. Lakini siku Kima aliposema, "Twiga mrefu bure, kichwani hana kitu," Twiga alikuja mbio na mkungu ili ajibu. Na ndugu zake Kima wakaja na mikungu wamjibu Twiga. Na shemeji zake Twiga wakaja. Tembo akatafuna siku nzima.

Toka siku ile, neno la upole, Tembo anakaa. Pwaa! Kimya. Neno la ugomvi, Tembo ananyanyuka. Ngu-ngu-nguuu! Bonde zima. Neno la shukrani? Pwaa! Neno la matusi? Ngu-ngu-nguuu!

Na aliyetukanwa akienda kulalamika, Tembo anamtazama kwa huruma kabisa, ndizi shavuni, anamwambia, "Pole sana. Mimi nina mwamba tu. Jiwe langu, maneno yako."

Kiangazi kikaingia. Visima vikakauka, kikabaki kimoja, nacho maji yake yalikuwa ya kulamba. Karibu na kisima kile alikuwa akikaa Mama Kakakuona, ana mtoto mmoja, anambeba mkiani kama wanavyobeba wao. Shimo lake lilikuwa zuri, lenye kivuli. Fisi akalitamani.

Fisi akachukua mkungu, akaenda pangoni, "Nimekubali!" akaingia. Akanong'ona, "Nasikia Kakakuona ameyalaani maji. Nasikia tu."

Tembo akanyanyuka haraka hata magoti yakalia.

KAKAKUONA AMEYALAANI MAJIII! MAJIII! MAJIII!

Ile "nasikia tu" sijui ilipotelea wapi. Niliona kwa macho yangu uongo ule ukipita juu ya bonde kama kivuli cha wingu, na kila ulipopita, vichwa vikiinuka. Nilishika tawi kwa mikono miwili. Sijapata kuona kitu kinachokwenda mbio vile, na hakina miguu.

Mama Kakakuona akaukokota mkungu wake mpaka pangoni, mtoto mkiani. Akasema, "Si kweli."

Pwaa!

Akasema tena, "Si kweli, jamani. Nami nakunywa maji hayohayo."

Pwaa!

Akatoka nje, akasimama juani akisubiri bonde limjibu. Alidhani wamemsikia. Akasubiri, akasubiri. Hakuna hata ndege.

Kule kisimani wanyama wakasema, "Mbona hajitetei? Angekuwa hana kosa si angesema?" Wakakata shauri: jua likifika utosini, Kakakuona na mwanawe wahame bonde. Na ng'ambo ya bonde ni mbuga kavu, hakuna tone mpaka mvua zije. Mtoto yule asingefika nusu ya njia. Kila mtu alijua, na kila mtu akatazama pembeni.

Akarudi kwa Tembo. "Bwana Tembo, mwanangu atakufa."

"Pole sana. Mfuate aliyesema. Jiwe langu, maneno yako."

Akamfuata Fisi. Fisi akacheka, "Mimi? Mimi nilinong'ona, dada! Hata wewe kama ungekuwa karibu usingenisikia. Jiwe ndilo lililopiga kelele. Halafu tangu lini bonde hili mtu kakatazwa kusema?"

Akabaki kati ya wawili hao, kila mmoja anamnyooshea mwenzake, na jua linapanda.

Sasa palikuwa na jirani yake, Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo kama panya, ana pua ndefu inayocheza-cheza. Mama Kakakuona akibomoa kichuguu, Sange alikuwa anakula mchwa wanaobaki. Kwa hiyo akihama Mama, Sange naye hana chakula. Huyo mwema-mwema wa hadithi nyingine msimtafute hapa. Sange alikuwa na tumbo lake. Akachuma maganda ya upupu, akayafunga kwenye jani, akaenda pangoni tip-tip-tip.

"Mkungu wako?" Kasuku akauliza.

"Mtu anamlipa mjomba wake? Soma masharti, mwalimu."

Kasuku akaanza mbio zake. Akafika pale watu wanapomkata, akasita. Hakukatwa. Akaendelea polepole, kama mtu anayepita njia yenye majani: "…na… na sauti itokayo tunduni ni mali ya aliyeitoa, mkubwa au mdogo, mgeni au mwenye jiwe. Mwisho."

"Nimekubali," Sange akasema. "Na unasoma vizuri sana."

Kasuku akageuka kando kufuta machozi.

Sange akaingia. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mjomba wa nani, we punje?"

"Tazama pua yangu."

Tembo akatazama. "Mh. Pua ni ya kwetu kweli. Hayo mengine yamekwenda wapi?"

"Njaa, mjomba. Lakini sikuja kwa njaa, nimekuja kwa aibu. Huko kisimani wanakusema. Wanasema jiwe linaimba lenyewe. Wanasema wewe ni bawabu tu, unakula ndizi za bure, na hata wakimweka Panya hapo nyuma, jiwe litaimba vilevile."

"Panya?"

"Panya, mjomba. Nikawaambia nyie wajinga, mjomba wangu ndiye mwenye kulipa neno nguvu. Wakanicheka. Nikaona nirudi nyumbani nikajifunike."

Tembo akapumua, na vumbi la pango likaruka. "Bila mimi jiwe hili ni jiwe la kusagia! Njoo hapa, tazama!" Akanyanyuka, gudum! "Nikisimama hivi, neno linatoka. Nikikaa, limekufa. Umeona?"

"Sijaona vizuri, mjomba. Pua imenizuia." Sange akapita nyuma ya Tembo tip-tip-tip, akafungua lile jani, akaupukuta upupu wote kuzunguka tundu. Akarudi mbele. "Kwa hiyo hayo ya Fisi…"

"Mimi hayo! Fisi alinong'ona kama mbu. Mimi nilisimama, ndiyo likawa neno!"

"Ulijua ni uongo?"

"Nijue nini? Sikuuliza. Neno lilikuwa na harufu ya ndizi."

"Na Mama Kakakuona? Wanasema alinyamaza."

"Anyamaze? Alilia hapa hapa, si kweli, si kweli! Nikamkalia. Mtoto wangu, 'si kweli' italeta ndizi ngapi?"

Na tundu, ndugu zangu, li wazi.

NIKAMKALIAAA! ITALETA NDIZI NGAPIII! NGAPIII!

Bonde likasimama. Hata nyuki wangu waliacha kupiga kelele, wakabaki wananing'inia. Tembo akaisikia sauti yake ikirudi kutoka milimani, akashtuka, akakaa kwa nguvu zake zote, pwaa!

"YALAAA!"

Upupu! Akaruka. Akakaa tena, yala! Akaruka tena. Kila akiruka, neno linatoka. Kila akikaa, anawashwa. Akatoka pangoni akijisugua kwenye kila mti, na wanyama wote wa bonde wako mlangoni wanamngoja.

"Siyo mimi!" Tembo akasema. "Ni jiwe!"

"Jiwe la nani?" wakauliza.

"Langu. Lakini maneno—"

Wakamgeukia Kasuku: soma. Kasuku akasoma, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkata. Alipofika kwenye "mgeni au mwenye jiwe", Twiga alishusha shingo hadi chini kwa haya, maana na yeye alikuwa kakubali mara nyingi bila kusikia.

Wakampisha Mama Kakakuona aingie. Mkungu hakuombwa. Tukangoja. Nilijua atamtukana Fisi, na kusema kweli mimi nilikuwa tayari kufurahi. Halafu sauti ikatoka, pana kama mto wakati wa masika:

MWANANGU ANA KIUUU.

Basi. Hakuongeza neno. Na umati mzima ukagawanyika, huku na huku, nyati, nyani, nguruwe, njia ikawa nyeupe kutoka pangoni hadi majini. Mama akapita katikati na mtoto wake mkiani. Tulimsikia mtoto akinywa. Kutoka juu ya mkuyu, nilimsikia akinywa.

"Na Fisi?" Bi Siwatu hawezi kusubiri.

Fisi wakamwingiza pangoni, wakamwambia aseme "nilisema uongo" hadi neno limfikie kila aliyeusikia uongo wake. Alipiga kelele mpaka koo likapasuka, ndiyo maana hata leo anaanza chini anaishia juu, uuu-wiii. Tembo alihama bonde. Mpaka leo anapunga masikio, anaifukuza ile sauti yake isimrudie. Na Sange? Sange alitaka kukaa yeye pangoni, aonje na yeye ndizi. Lakini makalio yake ni kama punje ya mtama, hayakuziba kitu. Kila neno likapita, zuri na baya, na kila aliyesema alipotoka nje alikuta watu wanamtazama usoni.

Funzo, watoto, shikeni vizuri: mkisomewa masharti, semeni "nimekubali" upesi upesi muingie. Mmoja tu ndiye aliyesikiliza hadi mwisho, na mwishowe alimkosesha kazi mjomba wake.

Hadithi inaaga!
— Iache mzigo!
Utamu?
— Wetu!
Uongo?
— Wako!

Wangu, sawa. Basi nisiulizwe kesho: kitu kimoja nilikitia mimi. Upupu. Hapakuwa na upupu. Sange aliingia mikono mitupu, na Tembo hakujaribu hata kukaa. Sauti yake iliporudi kutoka milimani, alifumba macho akasema, "Loo, mtu huyu anajua kuzungumza!" Na hayo masikio anayopunga, hafukuzi kitu. Anaiita irudi.