Kijiko cha Achari

Kidonda cha kinywa hakiponi kwa kufumba mdomo. Mmeusikia msemo huu leo, wajukuu, mkauliza ulikotoka. Ulianzia jikoni kwa Bi Shufaa, huko Wete.

Bi Shufaa alitengeneza achari ya ndimu. Uzee ulikuwa umeuondolea ulimi wake uwezo wa kuonja, basi kila asubuhi, kabla chupa hazijafungwa, mke wa mwanawe, Sikitu, ndiye aliyeonja. Aliinua kijiko, akaonja, akasema, "Nzuri, mama."

Asubuhi moja kijiko kilipokaribia midomo, Bi Shufaa akamshika mkono.

"Usionje. Siku hizi umenuna, maneno yako ya kupima kwa kibaba. Kama nyumba yangu imekuchosha, sema, mume wako akurudishe kwenu."

Sikitu aliipenda nyumba ile, hata harufu ya pilipili iliyomganda nguoni. Hakuwa amenuna; alikuwa na kidonda ndani ya shavu. Kilipona, kikarudi palepale, na kila tone la ndimu lilikichoma kama kaa la moto. Lakini mama mkwe akikupa kijiko, utakikataaje? Akawa anameza pamoja na machozi. Sasa ukimya aliouona kuwa heshima ulikuwa unamtoa nyumbani.

Akafunua kinywa, akaonyesha.

Bi Shufaa akamgeuza uso kwenye mwanga. "Ala. Tangu lini?"

"Tangu mfungo ulipokwisha. Kinakwenda, kinarudi."

"Na achari yangu ukaila?"

"Ningekataaje, mama?"

"Kwa mdomo, mwanangu. Si ndiyo kazi yake?"

Siku ileile walikwenda kwa daktari wa meno. Akaona jino lililomeguka, ncha yake ikikwaruza shavu. Akalisawazisha, akamwagiza Sikitu asukutue kwa maji vuguvugu yenye chumvi, aache ndimu na pilipili hadi apone. Kidonda kikipita wiki tatu, arudi.

Hakikufika huko. Alipopona, Sikitu akakishika tena kijiko. Akaonja. Bi Shufaa akaingoja ile "nzuri, mama" yake.

"Mama, chumvi imezidi."

"Leo?"

"Tangu niolewe."

Bi Shufaa alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Alipoiokota, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nami nikwambie langu, mkaza mwanangu. Sikutaka uende. Niliogopa kwamba wewe ndiye unayetaka kwenda, nikakutangulia kwa ukali. Kidonda cha kinywa hakiponi kwa kufumba mdomo."