Fisi na Manyoya ya Kushonewa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakiposana na kuchezeana ngoma za harusi, Fisi alimchumbia Nguchiro.

Nguchiro alikuwa mdogo, lakini mikono yake ilikuwa hodari kwa kushona. Akamshonea mchumba wake manyoya ya shingoni kwa katani, akayatia rangi ya udongo mwekundu. Fisi alipoyavaa na kutokea uwanjani, wanyama wote, puu! wakaanguka kifudifudi.

"Simba! Simba amekuja kututawala!"

Basi Fisi akawa mfalme. Na alipokwisha kuzoea kiti, Nguchiro akaja barazani kuulizia harusi yao.

"Simjui huyu!" akanguruma Fisi. "Hata goti langu halifikii. Atakuwaje mke wangu?"

Baraza zima likaangua kicheko. Siku hiyohiyo Fisi akaichukua nyumba ya Nguchiro, aliyoachiwa na mama yake, akaifanya jiko la mfalme. Mwenye nyumba akapewa kazi ya kuzoa majivu.

"Na ukifumbua mdomo kusema mimi ni nani," akamnong'oneza, "nitakumeza kama kumbikumbi."

Nguchiro akazoa majivu. Lakini moyoni alisema, "Nyumbani mwa mama nitalala tena, na wewe utajifukuza mwenyewe."

Baadaye Fisi akamposa Simba jike wa bonde la mbali. Bibi harusi akaja na kaka zake, akapokelewa na Bi Kobe. Alipomwona mchumba, akamvuta mwenyeji wake pembeni.

"Bibi, mbona bwana huyu amesimama, lakini nyuma kama amechuchumaa?"

"Sijui, mwanangu. Labda ndivyo wafalme wanavyosimama."

Asubuhi ya harusi, lo! manyoya yakafumuka. Fisi akakimbilia jikoni.

"We Nguchiro! Shona upesi, wakwe wamekwisha kukaa!"

"Labeka, Mfalme. Lakini bwana harusi hupakwa mafuta. Utatokaje mkavu kama gunzi?"

"Nipake! Nipake mengi!"

Nguchiro akampanda mabegani. Kwa mara ya kwanza yeye alikuwa juu na Fisi chini. Akashona, chu, chu, chu. Kisha akachukua chungu cha uboho alioukamua kwenye mifupa ya mbuzi wa karamu, akampaka mpaka manyoya yakang'aa.

"Na usisahau desturi," akasema. "Bwana harusi hajigusi wala hacheki mpaka bibi harusi aketi."

"Unamfundisha nani? Niondokee!"

Fisi akakaa mkekani. Ngoma zikalia. Jua likapanda, uboho ukayeyuka, tii, tii, tii, ukamdondokea puani. Pua ikaanza kucheza. Mate yakamtoka, chururu!

"Jamani, bwana harusi analia!" akasema Bi Kobe. "Ama kweli anakupenda."

"Analia kwa mdomo?" akauliza Simba jike.

Nyuma ya mlango, Nguchiro alikuwa akichungulia. Fisi akikaza roho leo, yeye ndiye atakayekuwa kitoweo.

Ulimi ukatoka kidogo, ukarudi. Ukatoka tena. Lap! Fisi akafumba macho kwa utamu. Mara akageuza shingo, akang'ata fundo zima la manyoya, kacha, kacha, kacha! Akatafuna upande wa kulia, akahamia wa kushoto. Na utamu ulipomzidi, akacheka:

"Hii-hii-hiiii!"

Ngoma zikanyamaza.

"Mama yangu! Amekula shingo yake!" akapiga kelele Bi Kobe. "Kumbe ni Fisi!"

"Ngoja, mke wangu, nikueleze," akasema Fisi, katani zikining'inia menoni.

Simba jike akamtazama juu mpaka chini.

"Mke wako nani? Simjui huyu!"

Kaka zake wakainuka. Fisi hakungoja kuaga. Vuu! akatimka porini, na njiani bado alikuwa akijilamba.

Nguchiro akachukua ufagio, akaingia nyumbani kwa mama yake, akafagia majivu ya mfalme mpaka nje ya uwanja.

Basi, wanangu, aliyekushonea vazi la heshima usimdharau, kwa maana yeye anajua mishono ilipo.