Viwanda Arobaini vya Kizangaze

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nani?
Pakawa sisi, tuna masikio!
Na vinywa je?
Tumevifunga!
Basi vifungeni kweli, maana ngano hii si ya kucheka.

Hapo kale, babu wa babu zenu hawajaota meno, palikuwa na nchi mbili. Moja ya milimani, ikiitwa Kizangaze. Nyingine ya bondeni, ikiitwa Ngazo. Katikati palikuwa na msitu, na kuuvuka msitu ule ni mwendo wa siku tatu.

Kizangaze walikaa wahunzi. Si mmoja, si kumi. Viwanda arobaini, kila kimoja na moto wake, kila kimoja na nyundo yake. Ngazo walikaa wakulima. Udongo wao mweusi, wenye rutuba, lakini mhunzi hapakuwa na hata wa dawa. Jembe likivunjika, mtu avuke msitu. Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi.

Mwaka mmoja mvua ikawahi. Ilinyesha wanaume wangali msituni. Waliporudi na majembe, mvua imekatika. Njaa ikaingia Ngazo. Ikachukua wazee, ikachukua watoto, ikamchukua na mama mzazi wa Zumbe.

Zumbe ndiye mtawala wa Ngazo, jina lake Semgaya. Hakuwa mtu mbaya, jamani. Lakini alimzika mama yake kwa mikono yake mwenyewe, na alipotoka kaburini moyo wake ulikuwa umekauka.

Akasema, "Hatuvuki tena msitu. Mhunzi atakaa hapa hapa."

Akatuma watu sita. Wakavizia kando ya njia ya Kizangaze, wakamkamata mhunzi hodari kuliko wote, Kilave, akipita na nyundo yake begani. Wakamleta Ngazo. Wakamtia mnyororo mguuni, na mnyororo wakaufunga kwenye mwamba.

"Fua," Zumbe akamwambia. "Fua majembe mia, nikupe ng'ombe, nikupe na mke."

"Mke ninaye," Kilave akasema. "Anaitwa Nakiete. Ndiye anayenivukutia moto."

"Fua."

Akafua. Ko. Ko. Ko. Nyundo moja katika nchi nzima. Jembe la kwanza likapasuka.

"Kwa nini?" Zumbe akauliza.

"Makaa haya ni ya mti mwepesi, Zumbe. Kwetu wako watu ambao kazi yao ni makaa tu. Wanajua mti upi una moto mrefu."

Watu wakavuka msitu, wakaleta makaa. Akafua. Ko. Ko. Ko. Jembe la pili likapinda kama jani.

"Na hili?"

"Mivukuto ya kupulizia moto imetoboka, haina pumzi. Kwetu yuko mshona ngozi, mlango wa tatu kutoka kwangu."

Watu wakavuka msitu, wakaleta mivukuto. Akafua. Ko. Ko. Ko. Jembe la tatu likatoka zuri, linang'aa. Mkulima akaliinua, akalishusha, likakatika. Kipande kikaruka kikampasua mguu.

Watu wakapiga kelele. "Anatufanyia kusudi! Mchawi huyu!"

"Kosa langu silijui liko wapi," Kilave akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. "Kwetu nikikosea, wenzangu wanajua kabla yangu."

Hakuna aliyemwelewa. Wakaufupisha mnyororo. Chuma kikamla kifundo cha mguu, kidonda kikaoza, kikapona vibaya, kikaoza tena. Misimu miwili ya mvua ikapita hivyo. Niambieni, mtu ni mbuzi?
Si mbuzi!
Hata mbuzi huachiwa kamba ndefu.

Zumbe akawaza, akawaza. Akasema, "Kizangaze wana dawa. Wameizika ardhini, ndiyo maana chuma kinawatii wao tu. Nitakwenda kuiiba mwenyewe."

Akavua ngozi ya chui, akavaa kaniki, akashika fimbo. Siku ya kwanza miiba ikamchana. Siku ya pili mto ukataka kumchukua. Siku ya tatu, kabla hajaona nyumba, akasikia nyundo. Ko-ko, ti-ko, ko-ti-ko! Arobaini kasoro moja.

Akaingia. Kila mlango moto, kila mlango watu. Ila kiwanda kimoja kilikuwa baridi, na mwanamke amekaa mlangoni peke yake. Zumbe akamwendea.

"Hodi, dada. Mimi ni mpita njia. Nauliza, maana kuuliza si ujinga. Dawa ya chuma mmeizika wapi?"

Mwanamke akamtazama. "Dawa? Keti hapo usikilize."

Akaketi. Nyundo zinalia. Mara kutoka ng'ambo ya ua mzee mmoja akapaza sauti, "Wee! Chuma chako kimepoa, kirudishe motoni!" Na jirani yake, asiyeonana naye, akakirudisha.

"Amejuaje?" Zumbe akauliza.

"Kwa mlio. Amezaliwa katika mlio huo. Hapa mtu akikosea, wenzake husikia. Koleo lako likivunjika, unaazima. Makaa yanaletwa mpaka mlangoni, kwa kuwa mwenye makaa anajua wanunuzi ni wengi."

"Lakini mbona wote hapa? Mbona si kwetu?"

"Wa kwanza alifuata mchanga wa chuma, uko pale mtoni. Wa pili alimfuata wa kwanza. Wa tatu akawafuata wale wawili. Mume wangu alikuwa wa arobaini, alitoka mbali kuliko wote. Kidole kimoja hakivunji chawa, mgeni." Kisha akainamisha kichwa. "Huko utokako, hujasikia habari za mtu aitwaye Kilave?"

Zumbe akataka kusema hapana. Ulimi ukakataa.

"Yu hai," akasema. "Ni mimi niliyemfunga."

Nakiete hakulia. Alipiga yowe moja tu, na nyundo zote zikanyamaza. Wahunzi wakatoka, kila mtu na nyundo yake, wakamzunguka Zumbe. Mmoja akainua mkono.

"Msimuue!" Nakiete akasema. "Akifa, watu wake watamwua Kilave. Twendeni naye. Mnyororo ukatwe mbele ya macho yangu."

Wakavuka msitu, Zumbe mbele, amefungwa mikono. Siku tatu hakuna aliyemsemesha.

Walipofika, Kilave alikuwa amelala karibu na mwamba. Nakiete akapiga magoti, akakishika kile kifundo, akamwona mume wake amekuwa mzee. Wahunzi wakaukata mnyororo. Kilave akajaribu kusimama. Akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Mguu ulikuwa umekufa.

Watu wa Ngazo wakatazama chini.

"Nipe adhabu yangu," Zumbe akamwambia Kilave.

"Nipeleke nyumbani," Kilave akasema.

Wakafunga machela. Zumbe akashika mti wa mbele kwa bega lake mwenyewe. Lakini machela haipiti pale anapopita mtu mmoja. Basi watu wa Ngazo wakatangulia na mapanga, wakafyeka miiba, wakaangusha magogo mtoni, wakasawazisha mlima, hatua kwa hatua, ili mgonjwa asitikiswe. Siku tatu zikawa siku ishirini. Bega la Zumbe likachubuka, likatoka damu. Walipotaka kumpokea, akakataa.

Wakamfikisha. Wakamlaza mlangoni kwake. Zumbe akageuka, akarudi mikono mitupu.

Mpaka leo Ngazo haina mhunzi, na majembe yote hutoka Kizangaze. Lakini njia ile ya machela haikuziba tena. Mtu akitoka alfajiri, kesho yake jioni amefika, na jembe hutangulia mvua. Wenye njia hiyo hawaiiti njia ya Zumbe. Wanaiita Mguu wa Kilave.

Ngano yangu naiweka chini hapo. Mwenye kichwa ajitwike, aliyechoka aamke nayo kesho.