Fisi Aliyecheka Matangani

"Paukwa!" akaita Bi Mwanakheri.

"Pakawa!"

"Wa nyuma sijawasikia!"

"Pakawaaa!"

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ofisi nyingi kuliko visima, Fisi alifiwa na rafiki yake, Kobe. Fisi, mnajua, huchechemea. Wote walimwacha nyuma njiani. Kobe peke yake hakuwahi kumwacha.

Fisi akaenda matangani, donge limemkaba kooni. Akafungua mdomo alie, kikatoka...

"Kwi! Kwi! Kwiii!" wakadakia watoto.

"Huna haya!" Sungura akamfokea. "Umekuja kuzika au umefuata pilau?" Wakamtimua.

Akaenda kwa Bwana Korongo, Afisa wa Huzuni, mwenye miwani na muhuri.

"Mheshimiwa, nimefiwa."

"Machozi yako wapi? Huzuni kavu hatupokei. Lia hapa, nishuhudie."

Fisi akajikamua, akajikamua tena, kikatoka...

"Kwi! Kwi! Kwiii!"

"Mbele ya serikali!" Korongo akagonga muhuri mezani. "Ukicheka tena, unahama kijiji!"

Fisi akatoka, donge limekuwa kama nazi. Aseme, atacheka. Anyamaze, atapasuka. Akaokota kipande cha mkaa, akachora kwenye ukuta wa ofisi. Akamchora Kobe. Akachora njia. Akajichora mwenyewe kando yake, na mguu wake mbovu. Kila akichora, donge likanywea: likawa ndimu, likawa kunde.

"Bibi, alijua kuchora?"

"Wapi! Kobe alifanana na chapati."

Korongo akatoka mbio. "Kuchafua ukuta wa serikali! Nani..." Akatazama. Mmoja anachechemea, mwingine anajikokota, wala hakuna anayemwacha mwenzake. Miwani ikalowa.

"Nani kanimwagia maji?" akauliza Korongo.

Fisi akashindwa kujizuia.

"Kwi! Kwi! Kwiii!"

Sungura, aliyekuja kumwona akihamishwa, akasema taratibu, "Kumbe analia."

Korongo akafuta miwani, akatoa amri: ni marufuku kuchora kwenye ukuta wa ofisi, isipokuwa kwa mwenye donge. Kesho yake foleni ilifika mtoni. Wa kwanza alikuwa Korongo mwenyewe, na mkaa wake.

"Basi, wanangu, likikukaba jambo usiloweza kulisema, lichore, liandike, hata likifanana na chapati. Hadithi yangu imeishia hapo, na mkaa uko pale jikoni. Ila ukuta wangu nimeupaka chokaa jana tu!"

Watoto wakatazamana.

"Bibi," wakasema, wameshainuka, "sote tuna donge!"