Nguzo za Fundi Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu wenye njaa. Paukwa tena!

Pakawaaa!

Pakawa nyumba, ikawa na mlango, karibuni ndani.

Zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilala majumbani, alikuwako fundi mmoja, Nguchiro. Kujenga alijua, ila alipenda zaidi kilemba, ile zawadi apewayo fundi nyumba ikikamilika. Kilemba chake kilikuwa sinia la wali. Na kabla ya kula, fundi alisimama kizingitini akaimba:

*Nguzo shika, paa tulia,*
*Atakayelala humu alale salama,*
*Ikianguka, niiteni mimi.*

Siku moja alimjengea Kanga. Desturi ni kuzichoma nguzo miguuni mpaka ziwe nyeusi, mchwa asizile. Lakini wali ulikuwa ukinukia. Nguchiro akazisimika hivyo hivyo, mbichi, akakandika udongo. Nani angeona? Akaimba, akala, akaenda zake.

Mwaka wa pili Kanga akahama. Nyumba akampa Paa, mjane mwenye watoto wawili, naye Paa akampa shamba lake la mtama. Paa akafurahi mno. Maskini, hakujua.

Wingu la kwanza la masika likatanda, upepo ukavuma. Nyumba ikalia kwaa! Ikalala chini. Boriti ikatua kitandani pa wanawe. Bahati yao walikuwa malishoni. Paa alikitazama kile kitanda. Akachomoa nguzo moja: chini nyeupe, tupu ndani, imeliwa na mchwa.

Akaenda kwa Nguchiro. "Fundi, nyumba yako imeanguka."

"Pole, mama. Lakini sikukujengea wewe. Nilimjengea Kanga."

Akamfuata Kanga. Kanga akasema, "Dada yangu, nilikupa nilichopewa. Kilichofichwa na udongo anakijua fundi." Wakaenda wote wawili.

"Fundi, Kanga huyu hapa."

Nguchiro akacheka. "Kanga hana nyumba tena. Asiye na nyumba analalamikia nini?"

Mnaona ujanja huo? Mwenye nyumba hakujengewa, na aliyejengewa hana nyumba. Na mvua inakuja!

Mara ya tatu Paa akaenda barazani kwa Jumbe Nyati, na ile nguzo begani. Wanyama wakajaa.

"Jumbe," alisema Paa, "kabla ya maneno, naomba fundi atuimbie wimbo wake wa kizingitini."

Nguchiro anapenda sifa, huyo! Akakohoa, akaimba. Wakampigia makofi.

"Tena, fundi!" Akaimba huku anacheza.

"Mara ya mwisho, taratibu, tusikie maneno," Paa akasema.

Akaimba taratibu. *Nguzo shika, paa tulia. Atakayelala...* Hapo akaukata wimbo.

"Malizia, fundi," alisema Paa. "Hukuimba 'Kanga alale salama.' Umeimba 'atakayelala.' Nimelala mimi, na wanangu. Tena uliniita kwa jina: Paa, tulia!"

"Nilisema paa la nyumba!"

"Na hilo nalo halikutulia."

Baraza likaangua kicheko. Jumbe Nyati hakucheka. Akaigeuza nguzo ile nyeupe, akasema, "Fundi, kinywa chako mwenyewe kimeahidi, na nguzo hii imekusuta. Nenda kajenge."

Nguchiro akachoma nguzo moja moja mpaka zikawa nyeusi, Paa akizikagua. Nyumba ikasimama kabla ya mvua kubwa. Safari hii hakupewa sinia. Na tangu siku ile hakuna aliyemwita tena kujenga, wala yeye hakuwa na moyo wa kujijengea. Ndiyo maana mpaka leo Nguchiro hulala kichuguuni, katika nyumba ya mchwa.

Basi wanangu, kazi ya fundi haiishi siku ya kilemba. Ni deni lake kwa kila atakayelala chini ya boriti zake, hata yule asiyemjua.

Ngano yangu nimeitua hapa kizingitini. Anayetoka aufunge mlango, ila kwanza atazame nguzo.